Umekatwa asilimia 5, lakini kodi yako bado haijaisha

Kazi yangu ni kuwawekea hesabu watu wanaoishi kwa kandarasi fupi hapa Kenya: wakusanyaji data wa tafiti, wakalimani, wakufunzi wa warsha, wapigapicha, mafundi wa mitambo ya kompyuta wanaoitwa wiki mbili kisha wakaagwa. Kila mwaka Juni ikikaribia swali huwa lile lile: "Si nilishakatwa?" Ndiyo, ulikatwa. Ila ulichokatwa, kodi ya zuio ambayo mteja huitoa kwenye malipo yako, ni arbuni tu. Hesabu yenyewe hufungwa ukijaza ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi yako ya mwaka, na hapo ndipo wengine hugundua wanadaiwa, na wengine, ambao ni wengi kuliko watu wanavyodhani, hugundua kwamba wao ndio wanaoidai serikali fedha za kurudishiwa.

Kabla ya kugusa tarakimu, soma mkataba wako. Kama shirika linakupangia saa ya kuingia na ya kutoka, linakupa vifaa vyote, linakusimamia hatua kwa hatua na kukulipa kila mwisho wa mwezi, hiyo ina sura ya ajira hata wakiiita ushauri. Mwajiriwa hukatwa PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na ada ya nyumba, naye mwajiri huchangia upande wake kwenye NSSF na ada ya nyumba. Mwenye kandarasi hubeba yote mwenyewe. Uliza swali hili kabla ya kutia saini, maana ukishalipwa miezi minne kwa ankara ni vigumu mtu kukusikiliza.

Tuseme basi wewe ni mwenye kandarasi kweli, na ni mkazi wa Kenya kikodi. Kwa ada ya kitaalamu, ya ushauri au ya mafunzo, mteja anatakiwa kukukata asilimia 5 ikiwa malipo yako ya mwezi huo yamefika shilingi 24,000 au zaidi. Kazi za kandarasi za ujenzi hukatwa asilimia 3. Asiye mkazi kwa kawaida hukatwa asilimia 20. Malipo yakiwa chini ya 24,000 hukatwi, lakini yanabaki kuwa mapato na yanaingia kwenye ritani. Hapo watu wengi huteleza: hawakukatwa, kwa hiyo wanaona hayahesabiki.

Chukua mkusanyaji data aliyefanya kandarasi kadhaa, jumla shilingi 600,000 kwa mwaka, na gharama za kazi za shilingi 120,000. Mapato yanayotozwa kodi ni 480,000. Shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 25,000. Zinazobaki, 92,000, hutozwa asilimia 30, yaani 27,600. Jumla ni 81,400. Toa nafuu ya mtu binafsi, yaani punguzo la kodi la kila mkazi, 28,800 kwa mwaka, inabaki 52,600. Wateja wake walikata asilimia 5 ya 600,000, yaani 30,000. Kwa hiyo bado anadaiwa 22,600.

Sasa mwondolee ushahidi wa zile gharama. Anatozwa kwa 600,000 nzima, kodi baada ya nafuu inakuwa 88,600, na deni lake linaruka hadi 58,600. Shilingi 36,000 zimepotea kwa kukosa karatasi. Ndiyo maana nawasisitizia wateja wangu habari ya ankara mpaka wengine wanachoka nami.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara inakubaliwa tu ikiwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), isipokuwa yale machache yaliyosamehewa na kanuni. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa ilitoka mfukoni mwako, lakini hauchukui nafasi ya ankara. Ukikodi gari la kwenda uwandani, ukichapisha madodoso, ukimlipa mtu akunukulie mahojiano, mwambie akutolee ankara ya eTIMS yenye PIN yako, namba yako ya mlipakodi, kabla hujalipa. Ukishalipa, hana haraka tena. Nawe pia utatakiwa kumpa mteja wako ankara ya namna hiyo. Huhitaji mashine: kwa mwenye shughuli ndogo kuna eTIMS Lite, kupitia eCitizen au kwa kubonyeza *222# kwenye simu.

Laptopu huulizwa sana. Bei yake haiondolewi yote mwaka mmoja. Kompyuta hupewa punguzo la asilimia 25 ya bei kwa mwaka, kwa mafungu sawa. Ya shilingi 60,000 inakupunguzia mapato kwa 15,000 kila mwaka, miaka minne. Ankara yake itunze muda wote huo, na kumbukumbu nyingine zozote usizitupe kabla ya miaka mitano.

Cheti cha zuio

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu wadogo hupotelea.

Mteja akikukata, sheria inamtaka apeleke fedha hizo KRA ndani ya siku tano za kazi. Akifanya hivyo, iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni wa KRA, hutoa cheti kwa jina na PIN yako. Cheti hicho ndicho kinachokufanya uhesabiwe kuwa umeshalipa sehemu ya kodi. Bila cheti, makato yako ni maneno tu kwenye hati ya malipo. Kuna shirika moja lililowakata vijana wa utafiti mzima na kukaa na fedha hizo hadi mwaka ukageuka. Waliopata haki yao ni wale waliokuwa na nakala za ankara na taarifa za benki zikionyesha kiasi kamili kilichoingia. Wengine walikuwa na kumbukumbu za kichwani tu.

Usingoje Juni. Kila unapolipwa, ingia iTax baada ya wiki mbili hivi uangalie kama cheti kimefika. Linganisha mambo matatu: PIN, kiasi cha ankara na kiasi kilichokatwa. Herufi moja ya PIN ikikosewa, cheti kinaweza kwenda kwa mtu mwingine kabisa. Kama hakipo, mwandikie mhasibu wa mteja, na mwandikie kwa namna ambayo hatahitaji kukuuliza swali:

"Habari za asubuhi. Naomba cheti cha kodi ya zuio kwa ankara yangu namba 014 ya tarehe 12 Agosti, shilingi 85,000, iliyokatwa shilingi 4,250. Hadi leo hakijaonekana kwenye iTax. Naambatisha ankara na taarifa ya benki. PIN yangu iko juu ya ankara."

Ujumbe wa barua pepe ni bora kuliko simu, kwa sababu unabaki. Aliyekata asipeleke ndiye mwenye kosa mbele ya sheria, na ushahidi wako ndio utakaosema hivyo.

Ritani na tarehe zake

Mwaka wa kodi kwa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba. Ritani hujazwa hadi tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, lakini salio la kodi lilitakiwa liwe limelipwa kufikia tarehe 30 Aprili. Tarehe hizi mbili huchanganywa sana. Mtu anajaza ritani Juni akiamini amewahi, kumbe deni limechelewa miezi miwili: adhabu ya asilimia 5 ya kodi, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Kuchelewesha ritani yenyewe ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, kikubwa kati ya hivyo viwili.

Kama kodi yako ya mwaka inazidi shilingi 40,000, kuna kodi ya awamu: tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mtu ambaye kandarasi zake huja kwa msimu, nashauri aweke kando sehemu ya kila malipo siku ile ile yanapoingia, kwenye akaunti isiyo na kadi.

Ukijaza, chagua ritani ya mkazi yenye sehemu ya biashara. Ile fupi ya mapato ya ajira pekee haikufai, na ya sufuri, ya asiye na mapato, ndiyo haikufai kabisa: KRA tayari ina vyeti vyako vya zuio.

Aliyeajiriwa na huku anachukua kandarasi za pembeni awe macho zaidi. Mshahara wake umeshatumia ngazi za chini za kodi na nafuu yote, kama P9 yake, fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, inavyoonyesha. Mwenye mshahara wa 80,000 kwa mwezi akilipwa 100,000 kwa kufundisha warsha, fedha hizo zote hutozwa asilimia 30. Amekatwa 5,000, bado anadaiwa 25,000.

Na aliyepata kidogo? Kandarasi za jumla ya 250,000 kwa mwaka zina kodi ya 25,000, nayo humezwa yote na nafuu ya 28,800. Zile 12,500 alizokatwa ni zake. Jaza ritani, hakikisha vyeti vyote vimeingia kwenye sehemu ya makato, kisha omba kurejeshewa hapo hapo iTax. Muda wa kuomba ni miaka mitano, kwa hiyo hata mwaka juzi bado uko wazi. Wasichana na vijana wanaozunguka na madodoso juani huacha fedha hizi kwa kudhani hazirudi, nami huumia kila nikiona.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inakuhusu mauzo ya mwaka yakifika shilingi milioni 5. Kodi ya mauzo ghafi, ile ya biashara ndogo, isikuchanganye: ada za kitaalamu na za mafunzo hazimo.

Hesabu ikishafungwa, omba cheti cha kutimiza wajibu wa kodi kwenye iTax. Hudumu miezi 12, na mashirika mengi hukidai kabla ya kutoa kandarasi, kwa hiyo kiombe Julai, kabla matangazo ya kazi hayajaanza kutoka.