Taa za Breki Zinapogoma Kuwaka

Kwa magari yanayolala karibu na bahari, kama ya Raskazone na maeneo mengine ya Tanga, hitilafu nyingi za taa za nje huanzia kwenye kutu ya chumvi, wala si kwenye balbu yenyewe. Kabla ya kununua chochote, mwombe mtu akanyage breki huku wewe ukitazama nyuma ya gari.

Ikiwa taa zote za breki, pamoja na ile ya juu ya katikati, haziwaki, kagua kwanza fyuzi, kisha swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Swichi hiyo ikinasa ikiwa imewasha, taa hubaki zinawaka hata gari likiwa limezimwa, na betri huisha usiku kucha. Ikiwa ni upande mmoja tu, toa balbu na uangalie waya wake wa ndani. Balbu nyingi za nyuma zina nyaya mbili, wa wati 5 kwa taa ndogo na wa wati 21 kwa breki, hivyo mmoja unaweza kukatika na mwingine ukaendelea kuwaka.

Balbu ikiwa nzima, sugua soketi kwa msasa laini. Indiketa ikififia au ikiwaka pamoja na breki, shuku waya wa ethi, yaani ule unaounganisha taa na bodi ya gari: ufungue, ukwangue kutu mpaka chuma king'ae, ukaze tena na upake grisi. Fyuzi iliyoungua usiifunge waya. Nyaya zitaungua badala yake.