Somo: Saladi ya majani machungu kwa sosi ya chungwa na limau

Wengi wakionja majani machungu hukimbilia sukari. Leo sukari ibaki kabatini. Uchungu ndio ladha tuliyoifuata, na dawa yake ni chumvi: ikigusa ulimi, uchungu hupoa na ladha nyingine hujitokeza. Mafuta na uchachu wa limau humalizia kazi.

Kwa watu 4: gramu 200 za majani (chikori, radikio, endivu au arugula, vyema ukichanganya), machungwa 2, limau 1, mafuta ya zeituni vijiko 4 vya chakula, haradali nusu kijiko cha chai, chumvi.

Hatua ya 1. Kata chikori na radikio vipande vya upana wa kidole, uviloweke dakika 20 kwenye maji ya baridi sana. Utaona utomvu mweupe ukichuruzika kwenye vikonyo. Uchungu mwingi umo humo. Maji huchukua sehemu yake, na majani hurudi kuwa magumu ya kutafunika. Arugula isuuze tu.

Hatua ya 2. Kausha, na hapa usiwe na haraka. Jani lenye maji halishiki sosi. Yote huteleza hadi chini ya bakuli, ukala majani matupu. Tandaza kitambaa safi, weka majani katikati, kusanya pembe nne, uzungushe kwa nguvu. Kisha papasa jani moja. Kidole kikitoka na unyevu, rudia.

Hatua ya 3. Osha chungwa moja, ulikwaruze ganda juu juu, rangi tu. Ukifika kwenye nyeupe, acha. Harufu yote imo kwenye vijifuko vya mafuta vya ganda: likunje kipande karibu na taa utaona yanavyoruka. Kisha likamue. La pili limenye kwa kisu hadi nyama yake ionekane, utoe vipande kati ya utando na utando.

Hatua ya 4. Bakulini weka vijiko 2 vya chakula vya juisi ya chungwa, kimoja cha limau, ganda ulilokwaruza na chumvi. Chumvi itangulie mafuta, kwa kuwa huyeyuka kwenye juisi, kwenye mafuta haiyeyuki. Tia haradali, kisha mimina mafuta kidogo kidogo huku ukipiga kwa uma hadi sosi iwe nzito. Onja kwa kuchovya jani, usionje kwa kijiko. Sosi inayotosha kijikoni hupwaya ikikutana na uchungu.

Hatua ya 5. Changanya kwa mikono, weka vipande vya chungwa juu, mle papo hapo.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Sina haradali, nifanyeje?
Marahaba. Haradali husaidia juisi na mafuta yashikane. Bila hiyo tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko, tikisa sana, umimine kabla havijajitenga.

Kwa nini tusitumie chungwa peke yake?
Uchachu wake ni mdogo, mafuta yataulemea. Ukitaka ladha ya chungwa izidi, chemsha juisi yake hadi ibaki nusu, ipoe, ndipo uitumie. Limau usiliache.

Naweza kuweka balungi? Mama yangu anatumia dawa za kolesteroli.
Ahsante kwa kuuliza, ndugu yangu. Kwa mama usiweke kabla ya kumuuliza daktari au mfamasia. Balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja baadhi ya dawa, simvastatini ikiwemo, na dawa ikazidi mwilini. Kula balungi asubuhi na dawa usiku hakusaidii, maana athari yake huweza kupita siku nzima. Danzi nalo liko hivyo hivyo. Chungwa tamu la kawaida halina tatizo hilo.

Naandaa asubuhi nile mchana kazini. Mbona yananywea?
Umeshayatia sosi, sivyo? Mafuta hupenya nta ya jani na kulilegeza. Majani makavu yakae kwenye chombo chake pamoja na kitambaa cha karatasi, vipande vya chungwa pembeni, sosi kwenye kichupa. Ukishakaa kula, tikisa kichupa, mimina.