Somo: Kuotesha mgunga wa gome la manjano kwenye shamba la majimaji

Wadau, habari. Mlioomba mti wa kivuli wa asili kwa mashamba ya kando ya mito na maziwa, chaguo langu ni mgunga wa gome la manjano, ule uliozunguka Ziwa Naivasha. Wamaasai huuita olerai. Kiangazi hupukutisha majani, lakini gome lenyewe lina ukijani na huendelea kuutengenezea mti chakula.

1. Chuma maganda ya kahawia yakiwa bado mtini, maana yaliyoanguka mengi yameshatobolewa na wadudu. Chemsha maji, epua, tia mbegu, ziache hadi kesho yake. Zilizovimba panda, zilizobaki ngumu zirudishe kwenye maji ya moto.

2. Panda mbili kila kiriba (kifuko cha kuoteshea mche), zikiota bakiza moja. Mzizi mkuu hukimbilia chini, kwa hiyo inua viriba mara kwa mara ukate mizizi iliyotokeza.

3. Kupandikiza ndiko kunakoua miche mingi. Mtu anasikia mti unapenda maji, basi anachimba shimo kama bakuli, mche unaoza humo. Mti mkubwa hupenda maji. Mche hutaka shingo kavu. Inua tuta pana la kama sentimita 30, panda juu yake mvua zinapoanza, kabla maji hayajatuama. Mizizi itayafuata yenyewe huko chini.

4. Kaa mita 10 hivi kutoka kwenye nyumba. Palilia, weka uzio. Mbuzi hawajali miiba.

MASWALI

— Kwangu maji hukaa miezi. Utastahimili?
Mafuriko ya siku chache, mti uliokomaa hauna shida. Maji ya kudumu, hapana. Ziwa Nakuru lilipopanda miaka ya 2010, migunga mikubwa ya ufukweni ilikufa imesimama majini. Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo.

— Shikamoo mwalimu. Nina watoto wadogo, na miiba je?
Marahaba mwanangu. Ni myeupe, mirefu, na hupenya kandambili. Pogoa matawi ya chini kidogo kidogo kadiri mti unavyopanda, na usiyaache chini hata siku moja. Pale wanapochezea, mimi nisingeupanda.

— Kuni zake zinafaa?
Zikikauka vizuri, ndiyo. Mbichi hulipaka sufuria utando mweusi kama lami, na kuusugua ni kazi.