Klipu yako imesambaa? Weka wimbo mtandaoni kabla wengine hawajakuwahi

Jumamosi nilikaa na binti mmoja wa Ngarenaro hapa kwangu Sakina, Arusha, tangu saa nne asubuhi hadi adhana ya magharibi. Klipu yake ya sekunde arobaini imezunguka sana TikTok, watu wanauliza wimbo mzima uko wapi, na haukuwa popote. Haya ndiyo tuliyofanya. Ni kwa msanii anayejitegemea, asiye na lebo wala meneja.

1. Jina. Litafute Spotify, Boomplay, Apple Music na YouTube. Likiwa na mwenyewe, badilisha leo, la sivyo nyimbo zako zinaweza kuangukia kwenye ukurasa wake.

2. Faili. WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya 44.1 kHz, basi. Usipokee wimbo kama sauti ya WhatsApp, maana inabanwa na besi inakufa. Mimi hupanda daladala nikamfuata prodyuza na flashi. Picha ya jalada iwe pikseli 3000 kwa 3000, bila namba ya simu.

3. Biti. Hapa tulia.

Mwaka juzi nilikodi biti, yaani mdundo wa kuimbia, mtandaoni, nikalipa, nikaimba. Siku ya tatu baada ya wimbo kutoka, YouTube ikaniletea dai la hakimiliki. Mtu nisiyemjua alikuwa amekodi biti ileile na kusajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki. Mfumo ule unalinganisha sauti, na gitaa la mwanzo lilikuwa lilelile. Mapato yakaanza kwenda kwake.

Binti naye aliniuliza, "Kaka, si nimelipia?" Umelipia kuitumia, mdogo wangu, hujainunua. Biti ya kukodi wanaipata wengi, na mikataba mingi ya namna hiyo inakataza kabisa kusajili Content ID. Kwa hiyo msambazaji, yaani kampuni inayopeleka wimbo wako Spotify na kwingineko, akikuuliza kama unataka huduma hiyo, na biti si yako peke yako, usiweke tiki. Ukiiweka, utawadai wenzako wasio na kosa.

Dai likishakuja, litolee pingamizi ndani ya siku 5, ili mapato yashikiliwe tangu siku ya kwanza ya dai. Ambatanisha maelezo ya leseni. Mdai ana siku 30 za kujibu. Mimi nilichelewa wiki mbili, na pesa ya siku ambazo klipu ilikuwa moto sikuiona.

Njia ninayoiamini ni kupiga upya na watu wako. Tulikwenda Kijenge, prodyuza akatengeneza mdundo mpya juu ya gitaa la binti mwenyewe. Kabla ya kuondoka tukaandika kwenye karatasi ya daftari: majina kamili, asilimia ya kila mmoja, tarehe, sahihi. Nikaipiga picha palepale. Kuandikiana na rafiki kunatia haya, lakini fanyeni wimbo ukiwa bado hauna pesa.

4. Msambazaji. Wapo wa ada ya mwaka na wapo wa kukata asilimia. Ukiwa na wimbo mmoja, chukua wa asilimia, kwa sababu ada isipolipwa wimbo unaweza kuondolewa. Panga tarehe wiki nne mbele. Spotify wanataka uombe nafasi kwenye orodha zao za nyimbo (playlist) walau siku 7 kabla.

5. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sajili kazi yako, na ile karatasi uwe nayo.

6. Siku ya kutoka. Rudisha klipu ileile iliyosambaa, kiungo cha wimbo kiwe kwenye wasifu wako.