Kulirudisha jiwe la mpaka pahala pake

Jiwe la mpaka, yaani alama ya kona ya kiwanja hata ikiwa ni nondo kwenye zege, likipotea hutafutwa kwanza, hesabu huja baadaye. Mpima anayefika uwanjani na koordineti zake, akachomeka nondo pale kipokezi cha GPS kinapomwonyesha, ameweka jiwe jipya tu, hakulirudisha la zamani. Tofauti yake inaweza kuwa sentimita kumi na tano, na kwenye viwanja vilivyobanana vya Zanzibar, kama Mwanakwerekwe au Chake Chake, hizo ni ukuta mzima wa mtu.

Ushahidi una daraja zake. La kwanza ni jiwe la asili ambalo halijaguswa: hilo linashinda namba yoyote iliyoandikwa kwenye plani, yaani ramani ya upimaji wa kiwanja. Likikosekana, tafuta athari yake ardhini, yaani shimo lake, zege lililovunjika, kutu ya nondo. Kisha alama za ushahidi, yaani zilizowekwa karibu ili kuonyesha kona ilipo, zilizoandikwa kwenye daftari la upimaji, kisha mawe ya majirani. Bearingi (pembe ya mwelekeo wa mstari) na masafa hufuata hapo. Eneo la kiwanja ni la mwisho kabisa. Shamba la eka tatu ni mita za mraba 12,140, na mwenye shamba anaposema lake limepungua ana haki ya kusikilizwa, lakini hakuna kona inayotafutwa kwa kuanzia na eneo.

Ofisini kwanza

Chukua plani ya kiwanja chenyewe, plani za viwanja vyote vinavyopakana nacho, na daftari la upimaji likipatikana. Plani ya jirani mara nyingi ndiyo inayosema kona ile iliwekwa nini: nondo kwenye zege, msumari juu ya jiwe, au bomba. Usipojua unachotafuta utapita juu yake.

Angalia mfumo wa koordineti. Plani nyingi zimo kwenye Arc 1960 (mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki), UTM kanda ya 37 Kusini (gridi ya ramani kwa mita), na kipokezi cha GPS kwa kawaida kinaanza na WGS84, mfumo wa dunia nzima. Ukichanganya mifumo hiyo unakwenda kando karibu mita 300 kaskazini au kusini na karibu mita 100 mashariki au magharibi. Kosa hilo linajionyesha lenyewe, maana unajikuta kwenye shamba la mtu mwengine.

Linalojificha ni kosa la skeli, yaani uwiano wa masafa ya gridi, ya kwenye ramani, na masafa ya ardhini. Unguja iko karibu na meridiani ya 39, katikati ya kanda, ambako skeli ya UTM ni takriban 0.9996. Mita 100 za gridi ni mita 100.04 ardhini. Pemba, iliyo mashariki zaidi, tofauti inakaribia sentimita 3 kwa kila mita 100. Sentimita tatu au nne hizo si kosa la mtu. Lakini baadhi ya plani zimeandika masafa ya ardhini na nyengine ya gridi, na njia ya kujua ni kupima baina ya mawe mawili unayoyaamini. Plani za zamani zinaweza kuwa za futi (mita 0.3048) au cheni (futi 66, yaani mita 20.117). Badilisha mara moja, andika namba zote mbili, usibadilishe tena njiani.

Uwanjani

Mtaarifu sheha, kiongozi wa shehia (mtaa au kijiji), na majirani wa pande zote wawepo. Waulize mambo yanayopimika: jiwe lilionekana mwisho lini, ukuta ulijengwa mwaka gani, nani alichimba msingi, lori la mchanga lilipita wapi. Usiwaulize "mpaka uko wapi", maana hapo kila mtu atakuonyesha autakao.

Jihadhari na miti. Zanzibar mtu anaweza kumiliki mkarafuu au mnazi uliosimama kwenye ardhi ya mwengine. Mti wa jirani ndani ya shamba hauthibitishi kuwa mpaka umehama, na safu ya miti haiwi mpaka kwa sababu tu imenyooka. Ukuta nao ni shahidi dhaifu: wengine hujenga ndani ya mstari, wengine juu yake, wengine nje.

Chini ya mikarafuu na minazi, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, usiiamini GPS. Mawimbi yanagonga majani na kuta, kipokezi kinakuonyesha kuwa kimetulia na bado kimekosea. Weka misumari miwili kwenye uwazi, ipime mara mbili kwa kuachana saa moja au zaidi, kisha ingia ndani kwa totali stesheni, chombo cha kupimia pembe na masafa bila ya satelaiti.

Tafuta angalau mawe matatu kabla ya kuanza kona iliyopotea. Mawili yanakwambia umbali tu, hayakwambii lipi limesogea. Chukua mfano wa mawe A, B na C: plani inasema AB ni mita 40.00, BC 30.00 na AC 50.00. Ardhini unapata 40.02, 29.83 na 49.91. AB inaingia kwenye skeli. Masafa mawili yanayogusa C yote yamepungua, basi C ndiyo iliyosogea, karibu sentimita 18 kuelekea B. Bila ya A ungelisema kosa ni la B na ungeliharibu kona iliyo sawa.

Kuchimba

Weka kijiti pale hesabu inapoangukia, chora duara la nusu mita kukizunguka, pitisha kigunduzi cha chuma. Nondo iliyosimama inalia kwa ukali pahala padogo. Kipande cha bati kinalia kwa upana na sauti inazimika taratibu. Kisha kwangua kwa mwiko wa mwashi, sentimita mbili au tatu kwa kila safari. Sururu iache garini: pigo moja linavunja zege lililooza na ushahidi umekwisha.

Udongo una mambo yake. Kwenye kinongo, udongo mwekundu, shimo la zamani linabaki kama doa lenye rangi tofauti, mviringo au mraba, na ndani yake utaona chembe za kijivu za saruji na duara la kutu la upana wa kidole. Doa hilo ni kona. Lipige picha likiwa na rula pembeni, pima koordineti za katikati yake, kisha ndio uendelee. Kwenye mchanga shimo halina kumbukumbu, unatafuta vipande vya zege tu. Kwenye maweni, ardhi ya mawe, tundu lililochongwa linadumu, basi fagia majani na udongo wote kabla ya kusema halipo.

Nondo ikiwa imepinda usipime kichwa. Ichimbue hadi inapoingia kwenye zege na upime pale, kwa sababu gari husukuma juu na mguu hubaki.

Kisipoonekana chochote, na mawe yote ya katikati ya safu hayapo, ndipo unapoigawanya tofauti ya masafa. Viwanja vinne vya mita 25 vinafanya 100.00, nawe umepima 100.12 baina ya mawe ya mwisho. Nne ni skeli, nane zilizobaki zinagawanywa sawa, na kila kiwanja kinapata 25.03. Usigawanye kamwe kwa kuruka jiwe la asili lililosimama katikati: gawanya kila upande wake peke yake.

Kusimamisha

Piga vijiti vinne nje ya shimo na ufunge kamba mbili zikatane juu ya nukta yenyewe. Chimba sentimita 30 kwa 30, kina 60. Kwenye kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi, kama bonde la Cheju, nenda hadi 90 na upanue chini kuliko juu: udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, na zege fupi lenye kuta zilizonyooka hunyanyuliwa kidogo kidogo.

Zege ni moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Mfuko wa kilo 50 unatosha karibu mashimo matatu. Mchanga wa pwani na maji ya kisima chenye chumvi usitumie, kwa sababu chumvi inakula nondo, kutu inavimba, na jiwe linapasuka kutoka ndani. Nondo ya milimita 16, urefu sentimita 70, ishushe kwa timazi kutoka kwenye makutano ya kamba. Kwenye njia ya gari, kichwa kikae sentimita kumi chini ya ardhi. Kwenye maweni toboa sentimita 15, puliza vumbi lote, jaza saruji laini kisha chomeka. Vumbi likibaki, nondo itang'oka kwa mkono.

Pima tena kesho yake. Zege bichi huitembeza nondo sentimita moja au mbili, na siku ya pili bado unaweza kuvunja na kurudia.

Andika kila ulichokikuta, si ulichokiweka tu: mchoro, picha, masafa hadi alama tatu zisizohama, na saini za sheha na majirani. Waeleze kwamba saini yao inasema wameona kazi, haimpi mtu ardhi. Kumbukumbu ipelekwe Kamisheni ya Ardhi. Ukikuta mawe mawili ya kona moja na kila upande una lake, yapime yote, usiling'oe hata moja, na uwaachie Mahakama ya Ardhi.

Na kona iliyochukuliwa na bahari haisogezwi bara ili jiwe lipate pa kukaa. Weka jiwe la ushahidi juu ya mstari uleule, ndani, penye ardhi madhubuti, na uandike kwenye mchoro: kona iko mita kadhaa mbele, majini.