Vipande vya maini vya kumfundishia mbwa: namna ninavyovitengeneza

Hivi karibuni nilikuwa namfundisha mbwa wa miezi mitano kuja akiitwa. Mwenye mbwa alikuja na biskuti ngumu. Nikaita, mbwa akaja mbio, nikampa moja. Akaitafuna, makombo yakamwagika, akainamisha pua na kuanza kuyaokota moja baada ya jingine. Nikaita tena, hata sikio halikucheza. Wala hakuwa mkaidi. Chakula kilikuwa bado kiko chini. Somo lililofuata nilibeba maini niliyoyakata kama punje za njegere. Alikuja, akameza, na papo hapo macho yakarudi usoni mwangu kusubiri neno jingine.

Zawadi ya mafunzo ndivyo inavyotakiwa iwe: ndogo, laini, yenye harufu, inayomezwa kwa sekunde moja au mbili. Hii hapa njia ninayoitumia.

Unachohitaji

Nusu kilo ya maini ya ng'ombe au ya kuku, sufuria, kisu kikali, na oveni au kikaango kizito. Usitie chumvi, mafuta wala kiungo chochote.

Hatua ya 1: Chemsha

Osha maini, yakate vipande bapa vya unene wa sentimita 1 hivi, uyatumbukize kwenye maji yanayochemka. Yaache dakika 10 hadi 15. Pasua kipande kinene kuliko vyote utazame katikati: ukiona wekundu au damu, endelea kuchemsha. Juu patajaa povu la kijivu, liengue. Mchuzi ukipoa unaweza kumnyunyizia mbwa kidogo kwenye chakula chake cha jioni.

Hatua ya 2: Kata, na ukate kidogo kweli

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Yaache maini yapoe kabisa, maana yakiwa ya moto hubomoka, kisha kata vipande vya nusu sentimita kila upande. Utaviona vidogo mno na mkono utataka kuongeza. Usiuruhusu. Kipande cha sentimita 1 kila upande kina nyama mara nane ya kile cha nusu sentimita, na mbwa havitofautishi sana. Kwake amezawadiwa mara moja tu. Somo la dakika tano linaweza kumaliza vipande 30 au 40. Ukikata vikubwa, mbwa atashiba kabla hajajifunza.

Zawadi zote za siku zisizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya chakula anachohitaji kwa siku. Kwa mbwa mzima wa kilo 5, hiyo ni kama gramu 15 za maini yaliyochemshwa, na vikikatwa vidogo unapata vipande vinavyokaribia mia. Kisha punguza kidogo chakula chake cha kawaida siku hiyo.

Hatua ya 3: Kausha nje, ndani pabaki laini

Tandaza vipande kwenye sinia la oveni visigusane. Weka joto la nyuzi 100 za Selisiasi, uvigeuze kila baada ya dakika 15. Vyangu huwa tayari kati ya dakika 30 na 45. Chukua kimoja ukibonyeze kwa vidole: kinatakiwa kibonyee bila kuacha unyevu mkononi. Kikivunjika kama biskuti, umekausha kupita kiasi na makombo yatakurudia. Kama huna oveni, tumia kikaango kikavu juu ya moto mdogo sana, ukikoroga mara kwa mara.

Hatua ya 4: Hifadhi

Vina unyevu bado, kwa hiyo havikai nje. Kwenye friji vitadumu siku tatu hadi nne. Vingine ninavigawa kwenye vifuko vidogo, kila kifuko somo moja, navigandisha. Kifuko kinachobaki baada ya somo hakirudi kwenye friza.

Usimpe maini kila siku

Maini yana vitamini A nyingi sana, na ikizidi kwa muda mrefu huumiza mifupa na viungo vya mbwa. Yana madini ya shaba pia. Mbwa wa aina ya Bedlington Terrier, ambao wanajulikana kwa kurithi tatizo la shaba kurundikana kwenye ini, mimi siwapi kabisa. Siku nyingine tumia kidari cha kuku kilichochemshwa na kuchambuliwa, au yai la kuchemsha. Maini nayaweka kwa kazi ngumu, kama kuitwa mbwa akiwa anacheza na wenzake. Kwa kukaa chini sebuleni, chakula chake kikavu kinatosha, na ukikiweka kwenye kopo moja na vipande vichache vya maini usiku kucha ndani ya friji, kinachukua harufu na thamani yake inapanda.

Mbwa mwenye ugonjwa wa figo, ini au kongosho, muulize kwanza daktari wa mifugo.

Visivyoingia kabisa

Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi havifai. Zabibu mbichi na kavu, chokoleti, na karanga za makadamia ni sumu kwake. Ukitaka kutumia siagi ya karanga, soma kopo neno kwa neno kutafuta zailitoli, sukari mbadala inayoweza kushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja na kumuua. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali. Hakikisha hakuna hata kimoja ndani ya kuku uliyemchambua.

Hatua ya 5: Toa kwa wakati

Fundisha kabla ya mlo, vipande vikiwa kiunoni au mfukoni. Mbwa akitenda ulichoomba, msifu papo hapo na kipande kimfikie mdomoni ndani ya sekunde moja. Ukianza kupekua mfuko wakati yeye ameshainuka, umemlipa kwa kuinuka. Akishameza, angalia pua yake. Ikiinuka kukutafuta, endelea. Ikibaki chini inanusa, rudi kwenye kisu ukate vidogo zaidi.