Nyimbo unazo, hela huzioni: panga rekodi zako kabla hujaziachia

Juzi Ijumaa kaja kijana mmoja pale Makorora nnapofanyia miksi, flashi mkononi, ndani ya flashi kuna faili moja tu limeandikwa "final final MPYA kweli.mp3", anataka nimuingizie Spotify leo leo ili jioni aposti linki. Wimbo mkali, sikatai. Nikamuuliza nani kaandika, akasema yeye na mshkaji wake. Biti ya nani? Kimya. Baadae ndo akasema kaitoa YouTube, imeandikwa ya bure. Nikazima spika, nikamwambia kaa kwanza. Haya nnayoandika hapa ndo niliyomwambia siku ile, na yanawahusu wote mnaorekodi hapa Tanga, iwe taarabu, singeli, kaswida au bongofleva, maana kwenye hela mambo ni yaleyale.

Kwanza elewa wimbo mmoja una vitu viwili ndani yake, na hapa ndo wengi wanapoliwa. Kuna tungo, yani maneno na melodi, hiyo ni ya aliyetunga hata kama hajui kuimba. Alafu kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio, watu wanaiita masta, hiyo mara nyingi huwa ya aliyegharamia kurekodi, ila kama hamjaandikiana hapo ndo ugomvi unapozaliwa. Kila kimoja kina hela zake. Chukulia taarabu: mshairi yuko Pongwe kaandika beti, mpiga kinanda katia melodi, bibie kaimba, mwenye kikundi kalipa studio. Kesho kikundi kingine kikiuimba upya wimbo huohuo kwa gharama zao, masta ile mpya ni yao, lakini tungo bado ni ya yule mshairi na mpiga kinanda na wana chao. Enzi za santuri, za vikundi vya hapa Tanga kina Black Star, Lucky Star, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ukitaka kujua nani kapiga ulikuwa unasoma ile karatasi ya mviringo katikati ya sahani. Siku hizi anayesoma ni kompyuta, na kompyuta haina cha "si unanijua mimi", jina likikosewa hela inaenda kwingine au inakaa tu haina mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya yote, karatasi ya mgao. Usiogope, si mkataba wa mwanasheria. Sisi mara ya mwisho tulichana karatasi ya katikati kwenye daftari la vikoba la mama mwenye nyumba (tulimuomba jamani), tukapiga mstari wima katikati, kushoto tukaandika TUNGO, kulia REKODI. Chini ya kila upande majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la sanaa pembeni, namba ya simu, na asilimia. Kushoto lazima ifike 100, kulia nako 100. Mpiga kodiani aligoma asilimia, akasema we nipe hela yangu mkononi niende zangu, sawa, tukamlipa na akasaini kwamba kalipwa na hadai tena, hiyo nayo ni haki yake. Kila mtu sahihi yake, tarehe, alafu karatasi ikapigwa picha na kila mmoja akatumiwa kwenye simu. Dakika ishirini kazi imeisha. Fanyeni siku hiyohiyo ya kurekodi wakati bado mnapendana, wimbo ukishashika kila mtu anakuwa yeye ndo aliyetoa wazo.

Biti nayo inaingia humohumo. Ile ya YouTube iliyoandikwa "ya bure" mara nyingi maana yake ufanyie mazoezi, sio uuze. Ukiinunua kwa bei ndogo, kuna watu wengine mia wameinunua pia, na kila biti ina masharti yake, yasome. Hasa hili: biti ambayo si yako peke yako usiiweke kwenye Content ID ya YouTube, ule mfumo unaotambua nyimbo na kudai hela kwa niaba ya mwenyewe, utaanza kuwakamata wenzio walioinunua kihalali na mwisho kesi inarudi kwako.

Haya, mafaili. Ukimaliza kumlipa prodyuza usiondoke na mp3. Dai WAV, yani faili la sauti lisilobanwa, 44.1 kHz, 16-bit au 24-bit (hii ni kipimo cha ubora wa faili, sio ile biti ya wimbo), na uchukue na ya ala tupu isiyo na sauti, na ikiwezekana kila chombo na faili lake. Mi nilijifunza kwa machungu, kuna kazi ya kaswida tulifanya mwezi mzima, diski ikafa, kilichobaki ni mp3 iliyokuwa kwenye simu ya ustadhi mmoja, na mp3 hairudi kuwa WAV hata uisomee nini. Sa hivi naweka sehemu mbili, diski na mtandaoni, folda ina jina la msanii, jina la wimbo, tarehe, na ndani yake picha ya ile karatasi ya mgao na mashairi yaliyochapwa. Hamna tena "final final".

Jina chagua moja uandike vilevile kila mahali maisha yako yote. Ukiwa na herufi kubwa huku, nukta kule, "Mc" leo na "MC." kesho, unaweza kujikuta una kurasa tatu za msanii na wasikilizaji wamegawanyika. Alafu kuna namba. Kila rekodi inapewa ISRC, herufi na tarakimu 12 kwa jumla, hiyo ndo namba ya NIDA ya rekodi yako, inaifuata popote inapopigwa. Rimiksi ni rekodi nyingine, inataka yake. Albamu au singo yenyewe kama bidhaa ina namba nyingine, UPC. Wasambazaji, yani kampuni zinazokupelekea wimbo Spotify na kwingine, wengi wanakupa zote bila kuongeza hela, kazi yako ni kuzinakili kwenye daftari, kwa sababu siku ukihamia msambazaji mwingine unatakiwa uende na ISRC ileile, ukikubali mpya hesabu zako za kusikilizwa zinaweza kuanza upya sifuri.

Nyumbani hapa kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na hakimiliki inaanza yenyewe bila kusubiri usajili, inadumu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hata wajukuu zako wamo. Kusajili ni ushahidi, na siku ya ubishi ushahidi ndo unaotakiwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha, yani malipo ya kazi yako kutumika, imepelekwa kwa kampuni maalumu za kazi hiyo, COSOTA imebaki kusajili na kusimamia, kwa hiyo mtu akikwambia "nimeshajisajili COSOTA nasubiri hela ya redio" mwambie bado, ajiunge na kampuni ya kukusanya na kuwapa orodha ya nyimbo zake. Hizo ndo hela za redio, tivii, hoteli, baa. Usajili wa msanii kule BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni kitu kingine, usichanganye.

Kwenye Spotify na Apple Music huwezi kupakia mwenyewe, unapita kwa msambazaji. Audiomack na Mdundo unaweza kufungua akaunti ya msanii moja kwa moja. Wasambazaji wapo wa aina mbili, wanaotoza ada kila mwaka na kukuachia karibu hela yote, na wanaotoza mara moja au wasiotoza kabisa ila wanakata asilimia. Unayetoa nyimbo mbili kwa mwaka piga hesabu, ada ya mwaka inaweza kula zaidi ya unachoingiza. Picha ya kava iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na usiweke namba ya simu wala akaunti ya Instagram juu yake, watairudisha. Tarehe weka wiki tatu au nne mbele, maana Spotify ukitaka wahariri wao wausikie wimbo lazima uupeleke kabla haujatoka, na wenyewe wanashauri angalau siku 7 kabla, ndo maana yule kijana wa leo leo nilimkatalia. Na tangu 2024 rekodi isiyofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 Spotify hawailipi mrabaha wa rekodi, kwa hiyo bora wimbo mmoja uusukume kuliko kumwaga kumi.

Hela zenyewe zinachelewa miezi miwili mitatu, si wizi, ripoti ndo zinavyokuja. Msambazaji akiwa wa Marekani atakutaka ujaze fomu ya kodi, W-8BEN, ijaze kwa jina lilelile la kwenye akaunti ya benki. Sehemu inayotoka kwa wasikilizaji wa Marekani watakata asilimia 30 kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi nao, ya nchi nyingine haiguswi na makato hayo.

Na ile ada ya mwaka ya msambazaji, jamani. Mwaka juzi kadi yangu ilikuwa haina salio siku wanakata, barua pepe nikazipuuza, nyimbo nne za kikundi zikatoweka na mwenye kikundi kaja kunigongea saa mbili usiku anauliza imekuwaje. Sa hivi kengele ya simu inanilia wiki mbili kabla, na hela ya ada iko kwenye kibubu chake, hata mke wangu haruhusiwi kukopa humo.